Spoki ya Baiskeli Ndani ya Kinanda

Lindi, alasiri, siku moja kabla ya safari yako

Mwanangu Somoe,

Ukirudi jioni hii kutoka Nyangamara ulikokwenda kumuaga bibi yako, utaona kwamba sebuleni, chini ya saa ya ukutani, pana nafasi tupu. Kinanda hakipo. Usimwulize baba yako. Ameniahidi kwamba hatasema neno, na unajua jinsi kunyamaza kunavyomtesa. Kaa kwenye kiti changu, soma barua hii mpaka mwisho, kisha uje jikoni nilipo.

Sitakuandikia habari za kula kwa wakati, kufunga mlango wala kuchagua marafiki. Hayo nimeyasema tangu ulipoanza kutembea. Kama hayakuingia, barua haitayaingiza. Nakuandikia kuhusu jambo ulilolisema Ijumaa, ambalo limeninyima raha hadi leo.

Unakumbuka mjomba wako Issa alivyokuja baada ya swala. Alikunywa chai, akakuombea heri katika kazi yako mpya huko Dar es Salaam, kwenye karakana ya ala za muziki, kisha akatoa hukumu kwa sauti ya mtu anayeomba sukari. Wewe uende, hana kizuizi. Kutengeneza ni kazi kama kazi nyingine. Ila kinanda kisiende nawe, kwa sababu msichana mwenye kinanda chake mjini hataishia kukitengeneza. Atakipiga, na atakipiga mahali penye pombe. Tayari alikwisha kumwahidi rafiki yake mwenye hoteli Kilwa Masoko. Kingewekwa ukumbini ili wageni wakitazame, na juu yake vingepangwa vyungu vya maua.

Nilingojea ukatae. Kinanda kile umekifufua wewe, kipande kwa kipande, na mikono yako ina alama zake. Badala yake ulitabasamu, ukasema, "Sawa, Mjomba. Wewe ukishasema, sisi tuna nini cha kuongeza?" Kisha ukainuka kumletea maji ya kunawa.

Somoe, sentensi hiyo si yako. Ni yangu. Niliisema mimi, karibu neno kwa neno, kabla hujazaliwa, na sikujua kwamba maneno nayo hurithiwa kama pua. Hadithi yake nimekuwa nikikupa vipande. Leo nakupa nzima.

Kwetu sisi Wamwera, mama huzaa na mjomba huamua. Siidharau desturi hiyo. Mjomba wangu ndiye aliyenisomesha wakati ambapo mabinti wengi wa rika langu walikuwa shambani. Bila yeye nisingejua hata kuiandika barua hii. Kumkatalia mtu mbaya si kazi. Hata kifaranga humkimbia mwewe. Kazi ni kumkatalia mtu aliyekutendea wema, na anayekupenda, siku anapokosea.

Chuo cha ualimu nilichosoma kilikuwa na kinanda cha kukanyaga, na mimi nilijifunza kukipiga kwa sababu mwalimu wa muziki alisema wasichana wa pwani hawana subira. Nilipopangiwa shule hapa Lindi, bendi ya dansi ya chama cha ushirika ilikuwa na kinanda cha umeme kisicho na mpigaji. Kiongozi wa bendi, Mzee Kandulu, mpiga tarumbeta mwenye kitambi na maneno mengi, alikuja shuleni wakati wa mapumziko akasema amesikia hapa pana mwalimu anayejua kinanda. Nilimjibu kwamba kinachopigwa hapa ni kengele tu. Alicheka hadi wanafunzi wakasogea. Jumamosi iliyofuata nilikuwa ukumbini, gauni refu, kilemba kichwani, mgongo umenyooka kama nasahihisha madaftari. Vijana walikuja kunicheka, wakaishia kucheza.

Unajua ndani ya kinanda kile kulivyo: hakuna nyuzi hata moja. Ukibonyeza, nyundo ndogo huruka na kugonga kijiti cha chuma, sumaku hukisikia, umeme hupeleka habari kwenye spika. Mimi wakati ule sikujua. Nilichojua ni kwamba sauti yake ilikuwa ya mviringo, kama kengele iliyofunikwa kwa kanga, na kwamba nilipokuwa nikikipiga hapakuwa na mtu duniani wa kunisahihisha.

Habari zilifika Nyangamara. Mjomba wangu hakuja mwenyewe. Alimtuma Issa, kaka yangu, huyuhuyu mjomba wako, na baiskeli yake. Issa alikuwa kijana mwenye adabu. Alisimama mlangoni mwa ukumbi hadi wimbo ukaisha, ndipo akasogea na kuniambia kwamba Mjomba anasema inatosha. Nilimjibu, "Mjomba akishasema, mimi nina nini cha kuongeza?" Nikafunga kifuniko. Nikawashukuru wanamuziki, mmoja mmoja. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo sikuwa na udhuru wa kubaki mjini. Kesho yake nikapanda kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, mikono juu ya magoti, tukaanza safari. Tulilala Mtama kwa jamaa, na jamaa wote walinisifu. Msichana msomi, ameitwa ameitika. Nilisifiwa adabu yangu hata nikasadiki kwamba nilikuwa nimetenda jambo jema.

Hakuna aliyenipiga, mwanangu. Hakuna aliyenifungia ndani. Nilirudi kazini muhula ulipoanza, nikafundisha sarufi, nikaolewa na mtu mwema, nikazaa, na wewe ukaja mwisho kabisa, nilipokuwa nimekwisha kugawa nguo za watoto. Lakini kila nilipopita karibu na ukumbi ule Jumamosi nilivuka barabara, na sikuwahi kumweleza mtu kwa nini.

Miaka mingi baadaye mjomba wangu aliugua, nami nikaenda kumuuguza. Siku moja alitaka nimsogeze kwenye jua. Tulipokuwa tumekaa, aliniuliza kama bado napiga kile kinanda. Nilimkumbusha kwamba yeye ndiye aliyenikataza. Akasema, "Nilikuwa nimejiandaa kubishana nawe. Nilikungoja na maneno yangu yote. Ulipofika ukanisalimu, ukaenda jikoni."

Neno hilo sikulisamehe haraka. Nilimkasirikia kwanza yeye, kisha mimi. Nilikuwa nimempa utii wangu wote bila hata kumwuliza kama anauhitaji wote. Shikamoo ni salamu, Somoe. Mimi niliifanya kuwa kufuli, nikajifungia, na ufunguo nikampa mtu ambaye hakujua kwamba anao.

Ndiyo sababu Mzee Kandulu aliponiletea ujumbe, nikiwa nimestaafu na sina haya tena, niliondoka hata bila kumaliza chai. Stoo ya zamani ya ushirika ilikuwa inabomolewa. Kinanda kilikuwa chini ya magunia matupu ya korosho, kimekaliwa na panya. Mzee Kandulu, ambaye kitambi kilikuwa kimekwisha lakini maneno bado, aliniambia kwamba mimi ndiye niliyekifunga kwa adabu, basi nije nikifungue hata kama ni kwa ujeuri. Tulikileta nyumbani kwa mkokoteni. Mama Zaina wa jirani aliuliza kama tumefiwa.

Wewe ulikuwa umemaliza kidato cha nne na ulikuwa unafungua kila redio ya mtaa huu. Ulikitazama ndani ukasema hakijafa, kimelala na chumvi. Kweli, hewa ya hapa hula chuma kama mbuzi alavyo majani. Vijiti vilikuwa vimevaa kutu na sumaku zimeota unga mweupe. Ulipanga kuvisafisha kimoja kimoja. Mimi niliona unachelewa. Nilikuwa nimechelewa vya kutosha.

Hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo limekuunguza vidole, na ambalo hukuwahi kunilaumu kwalo, nami nikaona ni haki yangu kutolaumiwa. Mchwa walikuwa wameanza kula ubao wa chini. Kila mtu wa huku anajua dawa ya mchwa: mafuta ya maganda ya korosho, yale meusi tunayopaka kwenye nguzo na fremu za milango. Baba yako aliniona na kopo na brashi, akasema, "Mama Somoe, hiyo si nguzo." Nilimjibu kwamba nguzo ni mbao na hiki ni mbao, na kama ana hoja aijenge vizuri. Akaenda zake shambani. Nilipaka nje. Nikaona panapendeza, nikapaka ndani. Nikapaka hata zile nyundo ndogo za mti, moja baada ya nyingine, kwa uangalifu wa mtu anayejua anachokifanya.

Uliporudi ulisimama tu. Joto lilipozidi, mafuta yale yakawa gundi. Kila nyundo ikanata na mwenzake, kila kibao kilichobonyezwa kikabaki chini kama mtoto aliyenuna. Kwa kutaka kurekebisha kabla hujaona ukubwa wa maafa, nilichukua koleo nikalazimisha, na kile kijiti cha sauti ya katikati kikakatika mkononi mwangu. Wewe ulitumia masika yote ukikwangua na kufuta kwa mafuta ya taa. Wanaobangua korosho hupaka majivu mikononi wasiungue. Wewe ulisema majivu yataingia kwenye sumaku, ukafanya kazi bila kinga. Ngozi ya vidole vyako ilibanduka. Nilikuona ukishindwa kushika kijiko. Nikakuambia uketi wima.

Nimewaambia wanafunzi maisha yangu yote kwamba anayejua kanuni hapotei. Kanuni ya mafuta yale ni sahihi kabisa. Haikuwa ya kinanda, basi. Nilikuwa na dawa ya nyumba nzima, nikaipaka mahali palipohitaji kuachwa pawe huru. Nadhani mjomba wako naye ana kopo lake na brashi yake, na anakupenda kwa namna hiyo. Mimi si wa kumcheka. Ila kopo sitalishika tena.

Sasa niseme juu ya kile kijiti kilichokatika. Ulijaribu msumari, ukawa bubu. Ulijaribu mbavu za mwavuli wangu, bila kuniomba, zikalia kama sufuria. Kisha ukaenda stoo, ukakata spoki ya gurudumu la nyuma la baiskeli kuukuu iliyoegemea ukuta, ukaisugua, ukaipima, ukaizungushia springi yake ya kurekebishia sauti, nayo ikaimba. Ilikuwa na mkwaruzo kidogo. Uliniita kwa furaha, nami nikakuambia sauti hiyo haikubaliki, itafute nyingine. Ulitafuta hadi ukachoka.

Baiskeli ile, Somoe, ndiyo iliyonirudisha Nyangamara. Mjomba wako aliiacha hapa alipopata pikipiki. Hukujua ni baiskeli gani, na mimi sikukuambia. Kila ulipogusa sauti ile nilisikia barabara ya Mtama. Nilikuwa nakusahihisha kwa jambo ambalo halikuwa kosa lako wala la spoki. Ile kauli kwamba haikubaliki, naifuta.

Sasa nikueleze ya leo, uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwa Mama Zaina, ambaye alikuwa anaanika nguo zilizokwisha kukauka.

Mapema asubuhi, ulipokwisha kuondoka, nilimwambia baba yako tukitoe kinanda barazani. Hakuuliza. Alikaza miguu ya kinanda, akapitisha waya dirishani, akaleta spika. Mjomba wako alipofika na pikapu ya hoteli na wapagazi wawili, alinikuta nimekaa mbele ya kinanda, kilemba kichwani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mmekitoa kabisa. Mmetupunguzia kazi."

Nikamkaribisha aketi kwanza. Akaketi, fimbo katikati ya magoti. Nikapiga ule wimbo ambao bendi ilikuwa ikifungia usiku, ambao aliungoja uishe akiwa mlangoni. Vidole vyangu vimekakamaa, na mahali pawili nilipotea, lakini sikusimama. Wapagazi walikaa kwenye ngazi. Baba yako alijifanya anatazama mkorosho. Nilipomaliza, mjomba wako alinyoosha fimbo kuelekea vibao.

"Sauti moja inakwaruza. Ya katikati. Inalia kama baiskeli."

"Ni baiskeli, kaka."

"Ipi?"

"Yako. Spoki ya gurudumu la nyuma."

Mama Zaina aliangusha kibanio. Mjomba wako alitazama kinanda, akatazama stoo, akanitazama mimi. Nina hakika kimawazo alikuwa Mtama. Mtu hawezi kuniendesha siku mbili nyuma ya mgongo wake, akasahau kwamba sikusema neno.

Akaanza tena, kwa upole. Akaniambia kwamba amekwisha kutoa neno lake kwa yule bwana, na je, nataka aaibike uzeeni? Nikamjibu kwamba neno ni lake, lakini kinanda si chake cha kukitoa. Akauliza kama nimesahau yeye ni nani kwa mtoto huyu.

"Wewe ni mjomba wake," nilimwambia. "Basi mpe dua. Kinanda anacho."

"Na mimi nikikataa?"

"Utakuwa umekataa, kaka. Lori la ufuta litakalokipeleka Dar es Salaam linaondoka adhuhuri."

Aliniuliza kama sizionei haya mvi zangu. Nikamwambia kwamba mvi zimenichelewesha, hazikunizuia. Akasema ukoo mzima utalisikia jambo hili. Nikasema nitawaeleza mwenyewe, wasije wakalisikia vibaya. Sikupandisha sauti hata mara moja, na mikono yangu ilitetemeka kuanzia mwanzo hadi mwisho. Naliandika hilo ili usije ukadhani kwamba kukataa ni kazi ya watu wasiotetemeka.

Akawaruhusu wapagazi waondoke na pikapu. Hakunywa chai. Hajaafiki, na sitakudanganya kwamba ataafiki. Huenda harusi na misiba ijayo tutakaa mikeka tofauti. Nimekubali gharama hiyo, kwa hiyo usijaribu kunilipia kwa kurudisha kinanda. Ukifika Dar es Salaam ukaona hukitaki, kiuze, kigawe, kitie moto. Hiyo itakuwa hiari yako, nami nitanung'unika kama mama yeyote. Lakini hutakiacha hapa kwa sababu ya adabu. Adabu ya namna hiyo nimekwisha kuijaribu kwa niaba ya ukoo wote, na inatosha. Na kama utakipiga, kipige penye watu, wima, bila kumtazama nani yuko mlangoni.

Alipofika kwenye lango, mjomba wako aligeuka. Akauliza ni nani aliyewaza habari ya spoki. Nikamwambia ni wewe. Akachora chini kwa ncha ya fimbo.

"Mwambie gurudumu la mbele nililibadilisha," akasema. "Spoki zake ni ngumu kuliko za nyuma." Akaenda zake.

Kinanda kimeondoka adhuhuri, kimefungwa ndani ya mikeka miwili na shuka la kitanda changu. Dereva anajua karakana. Baada ya hapo nilikwenda stoo na spana ya baba yako, nikaketi sakafuni kama fundi, nikafungua spoki zote za gurudumu la mbele, kisha zilizobaki za nyuma. Nimezipaka mafuta ya cherehani, kidogo tu, na safari hii nilimwuliza baba yako kwanza. Zimo kwenye begi lako, upande wa kushoto, ndani ya kanga yangu ya kijani. Una akiba ya kutosha kwa kila sauti itakayokatika.

Baiskeli sasa imelala ukutani, magurudumu yake matupu. Haitamrudisha tena msichana yeyote nyumbani.

Njoo jikoni.

Mama yako,
Mwajuma